Mesye na Mikono Mikaidi

Jina lake sitalitaja. Yuko hai, anasoma kila kinachoandikwa, na akiliona jina lake limeandikwa vibaya atanifuata hadi sokoni. Sisi wa Rumonge tulimwita Mesye tu, yaani Bwana Mwalimu, kana kwamba walimu wengine wote walikuwa wasaidizi wake. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, hayo waulizeni wa ukoo wake. Ninayemjua mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, aliyefundisha watoto mwandiko, na aliyemrudisha binti yangu Nella darasa lilelile mara mbili kwa sababu ya mikia ya herufi. Nilimchukia. Hilo nalisema mapema, asije mtu akadhani hapa natoa shukrani.

Mesye aliamini kwamba mwandiko ndio mtu mwenyewe. Alikuwa na msemo wake, akiurudia kila asubuhi huku amepanda kwenye kile kijukwaa cha mbele: "Jicho linatuma, mkono unatumwa." Watoto waliitikia kwa sauti moja, hata wale ambao hawakuelewa nani anamtuma nani. Kwa hiyo darasani kwake hapakuwa na mtoto mgonjwa, wala mzito, wala mwenye njaa. Palikuwa na mikono mitiifu na mikono mikaidi, basi. Mikono mikaidi iliketi nyuma kabisa na kurudia mstari mmoja mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyegusa herufi. Vijiti. Ukurasa mzima wa daftari, sisi twaita kaye, umejaa vijiti, kisha vikombe, kisha mayai, vyote viguse mstari wa chini na visivuke wa juu. Baba mmoja, mchuuzi wa ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, alikuja na kaye ya mwanawe mkononi, akauliza mbele ya watu: "Mesye, mutoto yangu iko anasoma ao iko anajenga lupango? Hapa naona miti ya ua tu!" Mesye akaichukua ile kaye, akaitazama kwa muda, akamwonyesha kidole. "Na mti wa saba umeinama. Kwa lupango kama hii, mwizi anaingia." Yule baba akaichukua kaye yake, akaondoka.

Shule ikifungwa mchana, ukali wake haukufungwa. Alipita barabarani akisahihisha mji. Kinyozi aliambiwa afute ubao wake. Muuza soda aliambiwa herufi yake ya S ina tumbo. Siku moja kwenye ufuko aliikuta boti iliyoandikwa MUNGU NI MWEMA kwa rangi ya bluu, maneno yakipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Alikaa pale juani hadi mwenye boti akachoka. "Mungu ni mwema, sibishi," Mesye alimwambia, "lakini hii M imelewa." Mwenye boti akapaka upya ili aachwe apumzike. Wiki hiyohiyo akavua ndagala mpaka akakosa pa kuwaanika.

Loo! Jumatatu iliyofuata wenye boti saba walikuwa wamesimama kwenye lango la shule, wakimsubiri Mesye aje anyooshe herufi zao. Akawafokea kwamba yeye si mganga. Lakini alikwenda, tena na rula. Mmoja alipokosa samaki kabisa akarudi kulalamika, Mesye akazikagua herufi upya, akamwambia zimenyooka sawasawa, kwa hiyo kasoro iko kwenye nyavu.

Alipougua malaria nusura imuue, kwa sababu muuguzi alimwandikia dawa kwa mwandiko wa haraka. Mesye alikikunja kile kikaratasi, akasema mtu asiyeweza kushika mstari hawezi kushika sindano. Akalala siku mbili anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Ilibidi muuguzi mwingine, msichana aliyewahi kuketi kwenye benchi lake la mbele, aandike upya majina yaleyale ya dawa zilezile. Hapo ndipo akameza.

Lakini kwa mwandiko mzuri ungeweza kumvua shati. Kijana mmoja alimwandikia barua akiomba kuazima baiskeli kwa siku moja, na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Watu walipompa pole, Mesye alitoa ile barua mfukoni na kuwaonyesha. "Tazameni hii R," alisema. "Mtu wa R kama hii, lazima iko na sababu." Hakwenda polisi. Aliihifadhi ile barua ndani ya Biblia na akaanza kwenda shule kwa miguu.

Simu nazo zilimtesa. Mwanawe aliye mbali alimtumia ujumbe, na Mesye hakukubali kuusoma kwenye kioo. Alikaa mezani, akaunakili wote kwa mkono kwenye kaye, na koma akaziongeza mwenyewe, ndipo akavaa miwani na kuusoma kama barua. Hilo niliambiwa na mkewe, tukacheka wote wawili mpaka machozi. Peke yangu nilipolifikiria baadaye, sikucheka sana.

Sasa nije kwangu. Mimi nilikulia kambini, Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza kusoma. Sisi tuliandika herufi moja moja, kila moja imesimama kivyake. Nilipokwenda kumwandikisha Nella, Mesye aliitazama fomu niliyoijaza, akaishika kwa ncha za vidole.

"Mama, herufi zako hazijuani."

"Zilikuwa wakimbizi, Mesye," nikamjibu. "Zilitenganishwa."

Hakucheka. Alimtazama Nella, akatazama fomu, na nadhani palepale alishamkatia shauri.

Nella wangu hakuwa mjinga. Umri wa miaka sita alijua kutaja vituo vyote vya basi kutoka hapa mpaka Nyanza-Lac, kwenda na kurudi. Ukimsomea hadithi mara moja, kesho anakurudishia yote pamoja na kikohozi chako. Ila mpe biki! Herufi zilimtoka kubwa, halafu ndogo, halafu moja inakwenda kulala kwenye mstari wa jirani. Akinakili kutoka ubaoni, anainua macho, anaiona herufi, anainamisha macho, na kufika kwenye karatasi njia imempotea. Anaanza upya. Wenzake wako mstari wa tano, yeye bado anatafuta wa kwanza. Alishika biki kwa nguvu hadi kucha zikawa nyeupe, na jioni alikuwa ananiomba nimkande vidole.

Mwaka wa kwanza Mesye akamrudisha. Mwaka wa pili akamrudisha. Mwaka wa tatu ulipoanza, baba yake akaongea. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti, si mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana yakitoka yanauma. "Akirudi tena la kwanza, anatoka. Dada yangu Nyanza-Lac anatafuta mtu wa kumlelea watoto. Aende huko." Nella alikuwa pale anakula. Akaweka kijiko chini, akauliza kama Nyanza-Lac kuna shule. Baba yake akasema kuna watoto wa kulea.

Roho yangu ilichomeka. Mimi shule yangu ilikatwa na safari, nikabaki na kuuza mawese. Nayapenda mawese, yananilisha, lakini sikutaka mwanangu ayakute hayo tu mbele yake.

Basi nikafanya ujinga wangu. Kila siku Mesye alitoa kazi ya kufanya nyumbani: juu ya ukurasa anaandika mstari wa mfano kwa biki nyekundu, mtoto anaujaza ukurasa mzima. Nikaichukua ile kaye, nikaenda nayo sokoni, na wateja walipopungua mchana nikakaa juu ya bidoni ya mafuta na kuandika mimi. Mwanzo mkono wangu ulikataa kuunganisha herufi, umri huo! Mesye akaandika chini: "Ajitahidi." Nikajitahidi. Wiki ya tatu akaandika: "Nzuri." Mwezi wa pili: "Nzuri sana." Nakiri mbele yenu, nilianza kuipenda ile "Nzuri sana". Siku moja mteja alinisubiri mpaka akakasirika, kwa sababu nilikuwa namaliza mkia wa g.

Waswahili wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho wiki mbili kabla ya kutolewa buletini, zile ripoti za mwisho wa mwaka. Nella alileta kikaratasi kutoka kwa Mesye, kimeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kutundika ukutani: "Mtoto huyu nyumbani anaandika kama malaika, darasani anaandika kama kuku. Kwa hiyo anaweza, ila hataki. Atarudia darasa ili ajifunze utii."

Nilikisoma mara mbili. Kabla ya hapo Nella alikuwa mkono mkaidi kwa kudhaniwa tu. Sasa alikuwa mkaidi kwa ushahidi, na ushahidi nimeutengeneza mimi.

Siku hiyohiyo mchana alikuwa ananisaidia kumimina mawese kwenye chupa. Nilimwona anavyolenga mdomo wa chupa, amekodoa macho, na mafuta yakapita pembeni, chwaa, mpaka kwenye kitambaa nilichokitandika. Mkono wangu ukainuka wenyewe kumpiga kofi, kama siku nyingine. Maana nilikuwa nampiga, msinione mtakatifu. "Huangalii!" nilikuwa nasema. Lakini alikuwa anaangalia! Macho yote yalikuwa kwenye chupa. Nikaushusha mkono. Nyani haoni kundule: miaka mitatu namcheka Mesye na mikono yake mikaidi, na mimi nyumbani nina darasa langu. Nikamshika Nella mkono, mafuta na yote, tukaenda shule.

Watoto walikuwa wametoka. Mesye alikuwa anafuta ubao, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari.

"Mesye, amahoro. Nimekuja kuungama."

"Amahoro, Mama Nella. Kwa kuungama iko kanisa."

"Ile kaye ya nyumbani nimeiandika mimi."

Akacheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Wewe? Wa herufi za wakimbizi? Oya, hapana, Mama. Hiyo ni mwandiko wa mutu aliyefundishwa na mimi."

Nikachukua chaki. Nikaandika ubaoni mstari wake wa mfano, ule wa wiki ile, neno kwa neno, na g yenye mkia. Mesye akasogea, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa. Uso wake ulilainika kama wa mtu aliyeletewa mjukuu.

"Mama Nella," akasema taratibu, "wewe unapanda darasa la pili."

Wallahi sikujua nicheke au nimpige na kifutio. "Mimi sitaki kupanda!" nikapiga kelele. "Ni mtoto wangu! Baba yake atamtoa shule, ataenda kulea watoto wa watu, na wewe unanisifu mkia wa g! Umeandika kwamba hataki. Mwangalie basi. Mwangalie akiandika!"

"Kila siku ninamwangalia."

"Unaangalia mstari."

Akanipokonya chaki. Kisha akachora ubaoni duara la ukubwa wa chungwa, akampa Nella chaki. "Tia nukta katikati. Nukta moja."

Kwa kawaida Mesye alisimama nyuma ya mtoto, akichungulia karatasi juu ya bega. Siku ile, kwa kuwa mimi nilisimama nyuma, alilazimika kusimama kando ya ubao, akatazamana uso kwa uso na Nella. Nella akainua mkono. Bega likapanda hadi sikioni. Ulimi ukatoka. Jasho likamtoka puani, mtoto wa miaka minane, kwa nukta moja! Chaki ikatua nje ya duara. Akajaribu tena, ikatua juu ya mstari wa duara. Mara ya tatu chaki ikavunjika kwa jinsi alivyoikaza, akakiokota kipande, akajaribu tena bila kuambiwa.

"Basi," Mesye akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Basi, mutoto wangu. Acha."

Akaenda kuketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. "Kile kilichoandikwa ubaoni, unakisoma?" Nella akausoma mstari wangu wote bila kusita. Akamwambia ataje herufi za jina lake kwa mdomo. Akazitaja. Za jina la direkta. Akazitaja. Za neno refu kuliko yote alilowahi kufundisha. Nella akazipanga moja moja hewani, hata hakupumua katikati.

"Kwa hiyo jicho linaona," Mesye akasema, sijui kwa nani.

"Ego, ndiyo," nikamjibu.

"Na kichwa kinajua. Na mukono unataka."

"Ego, Mesye. Ni njia ya katikati ndiyo mbovu. Mvua ikikata barabara ya Bujumbura, utamchapa dereva?"

Aliinuka, akaenda kwenye meza yake. Kisha akaomba biki yangu, ya kwake ilikuwa mezani lakini sidhani kama aliiona, akaivuta buletini ya Nella kutoka kwenye rundo na kuandika: anapanda. Ndiyo mara ya kwanza niliona maneno yake yamepinda kidogo. Nilitaka kumshukuru, nikaona bado nimekasirika, nikasema murakoze ya haraka. Tulipofika mlangoni akaniita.

"Mama Nella. Kwenye benchi la nyuma, miaka yote hii, walikuwa wangapi kama huyu?"

"Unaniuliza mimi?" nikasema, tukaondoka.

Nilidhani nilikuwa nimemjibu vizuri. Nilijisifia njia nzima.

Nella akaenda la pili, Nyanza-Lac ikabaki kituo cha basi tu. Mesye akabadilika kidogo, msidhani alifanyika malaika. Vijiti viliendelea. Kinyozi aliendelea kusumbuliwa. Lakini watoto wa benchi la nyuma aliwahamishia mbele, akawachorea mistari mipana ya vidole vinne, akawafinyangisha udongo, akawapa vikopo vya maji wamiminiane uani kabla ya kushika biki. Wazazi wakalalamika tena: zamani mtoto alijenga lupango, sasa anateka maji. Mwandiko mbovu aliendelea kuuchukia. Aliacha tu kumchukia mwenye mwandiko.

Mwaka jana akastaafu. Sikumwona miezi mingi, mpaka juzi, kwenye kituo cha mabasi, nilipokuwa napakia bidoni za mawese za kwenda Bujumbura. Alikuwa ameteremka kutoka gari la kusini, viatu vina vumbi, kwapani ana mfuko. Akaniamkia, akauliza habari za Nella. Nikamwambia yuko la tano, mwandiko wake bado ni aibu ya taifa, ila mwalimu wake anamruhusu kujibu kwa mdomo majibu yanapokuwa marefu, na amekuwa wa tatu. Akafurahi kweli, nilimwona.

"Na wewe unatoka wapi, Mesye?"

"Kabonga. Nilienda kwa mutu."

"Msiba?"

"Oya." Akausogeza mfuko kwapani. "Kuna mwanafunzi wangu alihamia kule, anatengeneza nyavu. Nilimrudisha la kwanza mara tatu, ya nne hakuja. Nimemtafuta. Nikamwomba atusomee kitu, akasoma. Nikamwomba ataje herufi, akataja zote. Nikamwambia mbele ya bibi yake na watoto wao kwamba nilikosea, na kwamba yeye alikuwa anapanda."

Nikapiga hesabu. Mwanaume huyo lazima ana miaka arobaini.

"Akakasirika?"

"Hapana. Iko mutu mupole. Alinitandikia mkeka, akanipa samaki, mukeke ya kuchoma." Mesye akatazama barabara. "Halafu akaniuliza, 'Murakoze, Mesye. Sasa la pili naanza lini?'"

Nilisubiri aongeze kwamba yule mtu alikuwa anatania. Hakuongeza. Kondakta wa gari langu akaita wa Bujumbura, na Mesye akainama, akauvuta mlango.

"Na wewe unakwenda Bujumbura?" nikamuuliza.

"Nateremkia Muhuta," akasema, akapanda. "Kule wako wawili."